Udongo Uliochekechwa

Fundi cherehani mmoja majirani walimbandika jina la Mama Pasi, na halikumbanduka. Hakuna kitu kilichotoka nyumbani kwake bila kunyooshwa, hata kitambaa cha kufutia vyombo. Mgeni wa ghafla alisubiri mlangoni mpaka mito ya makochi ikung'utwe vumbi. Tabia hiyo haikumdhuru mtu, mpaka ilipofika zamu ya udongo.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amefiwa na mume akahamia chumba cha uani, na begi moja na jembe. Hakutaka kuwa mzigo kwa mtu. Aliomba bustani ya nyuma ailime, alishe nyumba. Ikimshinda, alisema, atamfuata mwanawe huko mbali, akaishi na mkwe asiyemtaka. Mama Pasi hakutaka kabisa aondoke. Walikuwa wakikaa kibarazani, mmoja akishona vifungo, mwingine akichambua mbegu, wakimsengenya mume wa Mama Pasi naye yupo palepale anawasikia.

Siku ya kwanza wifi alivunja bonge la udongo kiganjani. "Wifi, udongo huu umechoka. Haushiki maji, nyungunyungu hata mmoja simwoni. Nimeshaagiza samadi."

"Umechoka vipi, na mimi naufagia kila siku?"

"Ndiyo hivyo sasa! Majani yote unayazoa, udongo utakula nini?"

Walicheka, lakini neno lilimchoma Mama Pasi. Wakakubaliana ukapimwe. Bwana shamba aliwapa mfuko, akawaeleza wachote sehemu kumi za bustani, wachanganye.

Wifi alikwenda kutafuta miche, Mama Pasi akabaki na mfuko. Aliutazama ule udongo mweupe, mgumu, akaona aibu. Watu wa ofisini wafungue mfuko wake wakute vile? Akaenda kwenye kona ya jikoni, mahali alipomwaga maganda na maji ya vyombo miaka nenda rudi. Hapo udongo ulikuwa mweusi, laini. Alijaza mfuko kwa huo peke yake, tena akauchekecha kwa chekecheke ya unga. Ingewezekana, angeupiga pasi.

Majibu yalirudi: udongo una rutuba ya kutosha, msiongeze kitu.

Wifi aliisoma karatasi mara mbili. "Basi nilikosea mimi," akasema, na mkokoteni wa samadi uliokuwa umefika mlangoni akaurudisha. Mama Pasi aliuona ukigeuza. Nafasi ya kusema ilikuwepo. Akajitia hamnazo, akauliza nani anataka chai.

Miche ilidumaa, ikageuka njano. Nyanya zilizojitahidi zilikuwa kama gololi. Wifi alipalilia, alimwagilia asubuhi na jioni, na siku moja akakaa chini katikati ya matuta.

"Udongo ni mzuri, karatasi imesema. Basi ni mkono wangu huu. Nimemzika mume, sasa nazika na nyanya."

"Usiseme hivyo, wifi," alisema Mama Pasi. Akamwinua, akamkung'uta vumbi la gauni.

Wiki ile wifi alifunga begi. Jembe aliliacha.

Majuto yalimtafuna Mama Pasi. Aliacha kufagia bustani. Aliagiza samadi, akaichanganya na udongo kwa mikono yake mwenyewe, akatandaza majani makavu juu, majirani wakidhani anaumwa. Msimu uliofuata nyanya zililemea vijiti. Alichukua simu, safari hii ameapa kusema yote.

"Wifi, bustani imekubali! Nyanya hatujui pa kuziweka. Rudi nyumbani."

Upande wa pili, nyuma ya wifi, sauti ya mkwe ilifoka kwamba maji hayajatekwa.

"Si niliwaambia?" wifi akasema taratibu. "Nimeondoa mkono wangu tu, zimezaa. Nirudi niwaharibie tena? Au kulikuwa na sababu nyingine?"

Mama Pasi alikuwa dirishani, na kutoka pale aliiona ile kona ya jikoni.

"Mkono wako hauna neno, wifi," akasema. "Ni mvua tu za mwaka huu."