Jinsi ya Kumnyima Mzee Neno la Siri

Ipo asubuhi moja ya msimu wa pamba ambayo haijapata kunitoka moyoni, mwanangu. Kwa kuwa umeajiriwa hapa Bariadi na kupewa neno lako la kwanza la siri, naona ni haki yako kuisikia kabla hujaketi kwenye kiti chako.

Siku hizo biashara huria ilikuwa bado changa. Wilaya yetu ilihesabiwa katika mkoa wa Shinyanga, na pamba ambayo baba zetu walizoea kuipeleka ushirika peke yake ilikuwa sasa ikigombewa na wanunuzi binafsi. Mmoja wao alinichukua nikiwa nimetoka chuoni, nimwekee programu ya kompyuta katika kiwanda chake cha kuchambua pamba. Nilikuwa kijana mwenye imani kubwa. Niliamini kwamba mkulima amepunjwa vya kutosha kwenye mizani, na kwamba mashine ikipangwa vyema itasimama kati yake na mdanganyifu. Imani hiyo sijaiacha hata leo. Ilipungukiwa kitu kimoja tu, nami nitakifikia.

Nilimpangia kila mtu mlango wake katika programu ile. Mpimaji aliandika uzito na daraja la pamba, safi au fifi, yaani iliyochafuka, lakini hakuweza kugusa malipo. Mhasibu alilipa, lakini hakuweza kubadili daraja. Meneja aliona yote, na kila badiliko lilibaki na jina la yule ambaye mlango wake ulitumika. Kisha nikawaambia kila mmoja achague neno lake la siri. Nusu yao walichagua majina ya maksai wao wa kulimia, majina wanayoyapazia sauti shambani kila msimu wa jembe, hata watoto wa kijiji cha pili wanayajua. Nikawaomba wachague upya.

"Haya, kijana," akasema Mzee Mabula, mhasibu mkuu, akicheka. "Maksai wangu umemfukuza kazi hata hajaripoti."

Mzee Mabula alikuwa mtu wa Dutwa, rika la baba yangu. Alikuwa amefanya kazi ushirika miaka mingi, na hapakuwa na mtu aliyetilia shaka mikono yake. Mpimaji wetu alikuwa binti aitwaye Milembe, mpole, aliyelelewa akaleleka. Kila asubuhi alimpigia mzee goti: "Mwangaluka, baba." Naye humjibu, "Mwangaluka, mayu. Mhola?" Ilikuwa salamu nzuri ya kilugha chetu, mayu ni mama na mhola ni salama, nami nikiitazama sikuona kwamba ufa wa ukuta wangu ulikuwa papo hapo.

Siku moja mzee akamwambia, "Mayu, nipe na mimi hilo neno lako, ili siku ukiwa mbali kazi isilale." Milembe akampa. Angefanya nini? Hukumnyima baba maji, utamnyima neno?

Haukupita muda, Milembe alikuwa akiandika pamba ya wakulima wa Lalago alipoletewa habari kwamba shangazi yake amefariki huko kijijini Sola. Akawahi basi akaondoka. Katika ule mchanganyiko wa akili aliiandika fifi pamba iliyokuwa safi. Meneja alikuwa safarini Mwanza. Mzee Mabula alipotaka kulipa aliona fifi, akatoka nje uani, akaikuta pamba yenyewe nyeupe kama maziwa, na wenyewe wameketi juu ya magunia yao wakisubiri. Akaingia kwa neno la Milembe, akaliweka daraja sawa. Alitenda kweli, na alitenda kwa huruma. Lakini mashine iliandika kwamba aliyebadili ni Milembe.

Meneja aliporudi aliona daraja limepandishwa na mpimaji saa ambayo mpimaji alikuwa ameshaondoka kazini. Akatuita sote watatu, na hiyo ndiyo asubuhi ninayokueleza.

"Binti, nani aliingia kwa jina lako?"

Milembe akatazama sakafu.

"Neno lako ulimpa nani?"

Mzee Mabula alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka kwake, na binti hakuinua jicho kumwelekea. Alikuwa radhi aitwe mwizi kuliko kumtaja mzee mbele ya watu. Meneja akasema kwamba ama ameuza daraja, ama ametoa neno. Kwa vyovyote kazi yake imekwisha, na mengine atayaeleza polisi. Kisha akaniuliza mimi kanuni inasemaje. Nikajibu kwamba kanuni iko wazi: kila mtu anajibu kwa neno lake. Nilitamka hivyo kwa sauti thabiti, nikidhani natetea haki.

Mzee Mabula akavua kofia, akaiweka gotini.

"Aliyeingia ni mimi," akasema. "Huyu alikuwa msibani. Nilimwomba neno, akanipa, kwa sababu mimi ni baba yake." Halafu akanigeukia. "Na wewe, kijana wa chuo. Umempa binti mlango, umempa na kufuli. Maneno ya kuninyima mimi ufunguo, ulimpa? Kwao hakufundishwa kumnyima mzee. Kwako pia hakufundishwa. Sasa angeninyima kwa mdomo upi?"

Hicho ndicho kitu kimoja kilichopungua katika imani yangu, mwanangu.

Pamba ya Lalago ilikuwa bado imetengwa ikingoja zamu ya kuchambuliwa. Meneja akatoka kuitazama kwa macho yake. Aliporudi alimwambia Milembe arudi kwenye mizani. Onyo likatolewa kwa Mzee Mabula, ambaye alilipokea kwa mikono miwili. Uungwana ni vitendo.

Kesho yake asubuhi, Milembe alipopiga goti, mzee hakuitikia tu salamu.

"Mwangaluka, mayu. Nipe neno lako."

Binti akamkodolea macho. Wapagazi wakaacha magunia, wakageuka.

"Usinikodolee macho," akasema mzee. "Nyumbani kwenu, ghala la nafaka hufunguliwa na nani?"

"Mama."

"Na baba yako, mwenye mji, hutia mkono humo?"

"Hapana, baba."

"Je, anadharauliwa?"

"Hapana."

"Siku mtama ukipungua, hana la kuulizwa, na mama hana wa kumshuku. Kwa hiyo niambie: baba, hilo ni ghala la mama."

Milembe akalisema huku amefunika mdomo kwa kiganja. Wapagazi wakacheka, na mzee akacheka kuliko wote. Tangu hapo kila asubuhi alimwomba, na kila asubuhi alinyimwa, hata ikawa sehemu ya salamu, na kile kiganja kikashuka mdomoni.

Msimu ulipokaribia kwisha akaja ndugu wa mwenye kampuni, mtu wa mjini mwenye miwani myeusi. Akasimama mizanini. "Binti, hii mali ni yetu. Nipe hilo neno lako niangalie kitu."

Milembe akampigia goti kama alivyompigia kila mtu. "Shikamoo, baba. Karibu sana. Ila hilo ni ghala la mama."

Mgeni hakuelewa. Nyuma yake wapagazi walikuwa wamekwisha kuelewa. Mzee Mabula akatoa kichwa dirishani: "Mgeni wetu, njoo huku unywe maji. Hata mimi huninyima, na ni baba yake." Mgeni akabaki hana la kufanya ila kwenda kwa meneja, mahali alipopaswa kuanzia.

Basi, mwanangu, neno lako la siri ni nundu yako, na ng'ombe haelemewi na nunduye. Libebe mwenyewe. Usimpe rafiki, wala mkubwa, wala mimi. Ukija kupewa kazi ya kupanga milango ya wengine, mpe kila mtu ule wa kazi yake tu, na anayeondoka ufunge wake siku hiyohiyo. Ila usiishie kwenye kufuli. Mfundishe aliye mdogo maneno ya heshima ya kukataa, na umzoeze kuyasema wakati wa raha, ili wakati wa shida yasimkwame kooni. Nawe utakapoota mvi, usimwombe kijana kitu ambacho malezi yake hayamruhusu kukunyima.

Nenda kazini. Mungu akulindie jina lako kama utakavyolinda milango ya watu, na kila jioni urudi nyumbani mhola.