Nilimwacha Rika Yangu Afute Picha za Mkewe

Taabu yangu ilianza mwaka wa 1957, nikiwa na miaka tisa. Baba alikufa, nikatolewa shule darasa la pili, nikapelekwa kuchunga ng'ombe za mzungu huko Subukia. Sisemi hivyo mnionee huruma. Huruma sitaki. Nasema ndio mjue anayewaandikia ametoka wapi, halafu mjue pia kwamba mtu huyo, na mvi zake zote, alifanya jambo ambalo hata mtoto angeona haya. Nilikosa! Na nilikosa macho yakiwa wazi.

Niliyemkosea ni rika yangu. Nitamwita Kariuki, ingawa silo jina lake. Tulitahiriwa asubuhi moja, mto mmoja, yeye mbele kwenye mstari, mimi nyuma yake. Watu wa kwetu wanajua maana ya hiyo. Rika hamnyimi rika. Mnaweza kutukanana mpaka watoto wazibe masikio na hakuna wa kukasirika. Lakini uongo, hapana. Ukimdanganya rika unatozwa mbuzi, mnamla pamoja, ndio maneno yaishe.

Kariuki alisoma. Alifanya kazi ya kutengeneza simu mpaka akastaafu. Mimi nilianza na posho mill ya mtumba iliyokuwa inakohoa kuliko kusaga, nikajijenga nayo. Tukaja kuwa majirani hapa Nakuru, mtaa wa Section 58, ua wa miti ya kayaba katikati yetu. Nyumba yangu ni ya orofa. Yake ni ya chini. Mkewe alikuwa ameaga, anaishi peke yake, na mimi, Mungu anisamehe, moyoni nilikuwa nimeshahesabu kwamba nimemshinda.

Halafu mwaka wa 2007 akaweka seva.

Wazee wenzangu, msiogope hilo neno. Seva ni kompyuta tu, lakini kazi yake si kuandikia. Inakaa imewashwa, imejaa vitu, na kompyuta za nyumba zingine zinakuja kuchota kwake kwa waya, kama watu kwenye mfereji. Ya Kariuki ilikuwa kompyuta kuukuu aliyonunua ofisi fulani ikifunga. Aliiweka stoo, karibu na gunia la viazi, bila hata skrini. Akiitaka, anaiingia kutoka kwa kompyuta nyingine iliyo sebuleni. Programu yake ilikuwa ya bure, ilimfikia kwa posta ikiwa ndani ya CD. Ya bure! Mimi nilicheka sana nikisikia hiyo.

Kicheko kiliisha upesi. Alikuwa amekwenda Molo, kwenye shamba la baba yao anakoishi kaka yake mkubwa, akachukua albamu zote za ukoo. Akaziskani moja moja. Harusi yake, mkewe akiwa msichana, mkewe akichuma pareto, mkewe na uji wa watoto. Hata kaseti ya mkewe akiongoza nyimbo za kanisa aliiingiza. Kisha akarudisha albamu Molo, kwa sababu mali ya ukoo hukaa kwa mkubwa.

Basi nyumba yake ikawa kama soko. Jumapili watu wakitoka kanisa wanapitia kwake kuona picha. Wakaanza kumwita Injinia. Na binti yangu Shiru, ambaye yuko ng'ambo, akawa anatuma picha za mjukuu kwa imeili, Kariuki anazichukua saiba, kule kwa intaneti ya kulipia, na kuziweka kwenye seva.

Mke wangu sasa! Chai yangu anaweka mezani, anavuka ua. Nakaa orofani kwangu nasikia anavyocheka. Miaka mingapi sijamsikia akicheka hivyo kwangu? Anapiga kelele kutoka huko: "Baba Shiru, njoo uone mtoto ameota meno!"

"Ayaotee hapa kwangu!" nilimjibu.

Wivu ni kama kapi la posho mill lililolegea. Mashine inazunguka, kelele iko, unga hautoki. Nilikuwa silali, silali kabisa. Mwishowe nikaenda mjini kwa Mhindi mmoja muuza kompyuta, nikanunua mpya kuliko ya Kariuki, nikaibeba mwenyewe mpaka kwake.

"Rika, nifanyie seva," nikamwambia. "Nataka kila kitu kama chako. Usipunguze."

"Wewe ambaye unashika kalamu kama jembe?" akasema.

"Na wewe uliyelia mtoni?"

"Nililia kwa sababu niligeuka nikaona sura yako!"

Tukacheka. Alikuja kwangu akakaa siku nzima. Hakunificha kitu. Akaweka programu, akafungua mafolda yenye majina kama yake, hata paswodi tukaweka ileile yake, ndio nisisahau. Akaunga waya wa buluu kupitia kwa kayaba mpaka kwangu, mikono ikachomwa na miiba. Kikabaki kitu kimoja, namba. Alinieleza kwamba kila mashine kwenye waya lazima iwe na namba yake, kama ploti. Wakati huo akaitwa, mgeni alikuwa amefika kwake.

"Mwisho hapo weka kumi na moja," akasema akitoka. "Yangu ni kumi. Ukiweka kumi na moja, bonyeza hapa, umemaliza."

Kumi na moja. Nilikaa nikaitazama hiyo skrini. Yeye kumi, mimi kumi na moja. Hata hapa, kwa kitu nimenunua na jasho langu, niko nyuma yake kwenye mstari! Nikaandika kumi. Nikabonyeza. Hakuna kitu kililia, hakuna kitu kililipuka, nikajiambia ni maringo yake tu.

Siku iliyofuata mke wangu alirudi mapema, uso umeanguka. "Picha zimepotea. Folda ziko, ndani hamna kitu."

Sikuelewa mara moja. Lakini mchana nilizima mashine yangu ili nifagie vumbi, na haukupita muda nikasikia furaha kule ng'ambo ya ua: zimerudi! Nikawasha. Zikapotea. Nikazima tena. Zikarudi.

Hapo ndipo niliposhika. Mtu wa Nakuru hafundishwi hiyo. Shamba moja likitolewa hati mbili, wewe unaenda kwako unakuta nyumba ya mtu. Watu walikuwa wanaita namba kumi, wanaletwa kwangu, kwenye folda zangu tupu zenye majina kama ya kwake.

Nilipaswa kuvuka ua nicheke naye. Angenitukana vizuri, tungekula mbuzi. Badala yake niliiacha imewaka! Jumapili ikafika, watu wakaja kwa Injinia, wakakuta tupu, wakatoka polepole. Mke wangu alikuwa nyumbani jioni hiyo akimenya viazi. Nilisikia raha. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli: nilisikia raha.

Kariuki alihangaika mpaka akakonda. Alibadilisha waya. Alibadilisha kile kisanduku cha taa za kupepesa. Aliingia kwenye seva kutoka sebuleni, paswodi ikakubali, akakuta tupu. Maskini, alikuwa ameingia kwangu! Akaja kwangu.

"Rika, ile mashine yako uliipa kumi na moja?"

"Kumi na moja."

"Kabisa?"

"Nitakudanganya mimi?"

Alinishika bega. "Basi kama si hiyo, ni diski yangu imekufa." Na hakwenda hata kuangalia mashine yangu, ingawa ilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Rika ameshasema. Angeangalia nini?

Akaamua kuanza upya. Alitoa skrini ya sebuleni akaipeleka stoo, akatia ile CD. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mashine ikauliza kama ifute kila kitu kilicho kwenye diski. Kariuki akaondoa kidole.

"Hapa hakuna kurudi," akasema. "Wewe unaonaje?"

Ndugu msomaji, neno moja tu lingetosha! Nilikuwa nalo mdomoni. Nikasema: "Si umeona haina kitu? Sasa unaogopa kufuta nini? Bonyeza."

Akabonyeza.

Hakulia. Alisema, "Si neno. Albamu ziko Molo. Nitaskani tena baada ya Krismasi." Hiyo ndiyo niliyojifunikia. Albamu ziko Molo. Nikaenda nikaweka kumi na moja kimyakimya, mashine zote mbili zikatulia, nikadhani nimevuka.

Kisha tukapiga kura, na Januari ikawa vile mnavyojua, watu wakifukuzana na nyumba zikichomwa. Kaka yake Kariuki alifika Nakuru na blanketi moja na watoto. Nyumba ya Molo ilikuwa imechomwa, na kabati, na kila kilichokuwa kabatini.

Kariuki aliniita kupitia kwa ua, sauti ndogo. "Rika, mashine yako... hakuna siku mama Shiru alivuta picha za kwangu akaziweka kwako? Hata moja? Ya mke wangu, hata kama ni ya mgongo."

Nikamwambia nitaangalia. Nilijua hakuna. Niliingia ndani nikakaa mbele ya hiyo skrini, nikafungua folda moja baada ya nyingine kama mjinga, kana kwamba zingejijaza zenyewe.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu. "Baba Shiru," akasema, "ile siku ulikuwa unazima na kuwasha. Ukizima, picha zinarudi. Mimi niliona, nikadhani ni stima inapotea." Akatoka. Kutoka siku hiyo ananipikia, ananifulia, na hanipi hadithi yoyote.

Barabara zilipotulia nilimchukua Kariuki kwa pikapu yangu tukaenda Kikopey, kule kwa wachoma nyama wa kando ya barabara. Nilisema moyoni, sheria iko: nimedanganya, nalipa mbuzi. Nikanunua mbuzi mzima, akachomwa, akaletwa kwenye ubao na chumvi. Nikamweleza yote. Wivu, kumi, kumi na moja, Jumapili.

Alikuwa ameshika kisu. Akauliza jambo moja tu.

"Wakati nilipokuwa nabonyeza, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Aliweka kisu chini, akapangusa mikono ingawa alikuwa hajagusa nyama. "Ungeniambia hukujua, ningekula," akasema. "Hii mbuzi ni yako. Kula."

Akatoka akasimama barabarani, akapata gari. Mimi nilibaki na mbuzi mzima mbele yangu, na wachomaji wananiuliza, "Mzee, tukufungie?"

Alihamia kwa kijana wake anayefanya kazi Olkaria. Nyumba ilipata wapangaji. Waya wa buluu waliukata, kwa sababu hawakujua ni wa nini.

Sasa nawaambia ninyi mliobaki na majirani. Ukimwonea mtu wivu, mwambie usoni! Mtukane, mwambie amekupita na inakuuma. Atakucheka na utapona. Usimsaidie mtu kutafuta kosa ambalo umelikalia. Na mtu akikuuliza kabla hajabonyeza, jua hiyo ndiyo nafasi yako ya mwisho. Mimi nilipewa, mkono wake ukiwa hewani, nikaitupa kwa sababu ya kuwa wa pili.

Mkitaka kujua kama nilifaidika, hivi ndivyo vitu nilivyo navyo leo. Posho mill mbili. Nyumba ya orofa hapa Section 58. Vyumba vya kupangisha. Pikapu. Ng'ombe watatu wa maziwa. Shamba dogo upande wa Subukia. Mke, lakini hatuongei. Kompyuta moja, nzima, haina kitu ndani.