Vidole Vinne vya Kokulinda

Mimi Mama Masalu ni fundi mwenye mdomo, mtaa mzima wa Igogo unajua. Mteja akiniletea upuuzi namwambia papo hapo. Kwa hiyo Specioza alipomwaga vitu vyake juu ya cherehani yangu, sikumficha.

"Mama Koku, haya ni matambara."

Lilikuwa gauni la harusi la mtumba, limeungua pasi tumboni, pamoja na mita mbili za satini ya kasoro. Uzi uliruka huko kiwandani ukaacha mstari katikati, kama kovu. Alitaka nimtolee humo gauni jeupe la kipaimara la binti yake, Kokulinda, wa miaka kumi na mitatu. Askofu alikuwa anakuja parokiani baada ya Pasaka.

"Fundi hashindwi," akasema.

"Fundi si Mungu," nikamjibu, lakini nilishaanza kugeuzageuza kitambaa kutafuta pa kuficha.

Nikapata. Palipoungua nikapafunika kwa mikunjo ya kiuno, mstari nikaupeleka mgongoni, nikauficha kwenye zipu. Siku ya kumpima mtoto, alifika anahema kwa kupanda ngazi tatu tu za kibaraza changu. Moyo wake ulikuwa na tundu tangu azaliwe, na walikuwa wanasubiri kuitwa Dar kwa upasuaji.

"Shikamoo Mama Masalu. Nitapendeza?"

"Marahaba. Utapendeza ukitulia. Simama wima, we mtoto."

Akacheka mpaka akakohoa. Mama yake akanishika mkono. "Niachie kitambaa ndani ya mshono, fundi. Vidole vinne kila upande. Akishatibiwa atanenepa, utafumua uliachie."

Nguo za watoto huwa tunaziachia hivyo, maana wanakua, lakini vidole viwili vinatosha. Vinne vinavimbisha mbavu. Nikanung'unika weee, nikaacha vinne.

Kwaresima ikaanza. Wakarudi, gauni linapwaya. Nikabana. Wiki tatu hazijaisha wakarudi tena, linapwaya tena. Kila nikibana, kitambaa cha ndani kinazidi. Mara ya tatu kilikuwa kimerundikana kwapani kiasi kwamba mkono usingeshuka. Mtoto alikuwa amelazwa, Specioza ameniachia gauni akakimbilia wodini. Nilikuwa nimechoka, nina hasira, na sipendi kazi mbaya itoke kwangu. Nikachukua mkasi nikakata kote. Gauni likalala vizuri, mwenyewe nikajisifu.

Alipokuja kulichukua hakutazama mbele wala nyuma. Aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono. Akasimama hapo hapo.

"Kiko wapi?"

"Nimekikata, Mama Koku. Kilikuwa kinaharibu..."

"Sasa akinenepa atavaa nini?"

Akakunja gauni, akaondoka bila kuniaga. Nikajisemea atapoa tu, watu wananikasirikia kila siku.

Kokulinda alifariki Jumanne ya Juma Kuu.

Walikuwa wanampeleka kuzikwa kwao Bukoba, na gari lilitakiwa kuwahi kivuko cha Kamanga kabla ya saa sita. Asubuhi ya safari nikaenda msibani. Nilimkuta Specioza kwenye mkeka, gauni mapajani, wanawake wanamngoja waende mochwari kumvalisha mtoto. Hakuniangalia. Nikapiga magoti mbele yake. Kwenye mfuko nilikuwa na vile vipande vyote, maana fundi hatupi kitambaa.

"Mama Koku, nipe hilo gauni. Nipe nusu saa."

Wifi yake akasema, "Jamani, kivuko hakitusubiri."

"Kisisubiri," Specioza akasema, akanipa.

Nikashona kwa mkono, pale pale mkekani, vidole vinne kila upande, kwa ndani, mahali ambapo hakuna mtu angeona. Nililia, nilikuwa nimejaa aibu, na sindano ilinichoma nisijali. Wanawake walinitazama kama nimechanganyikiwa.

Nilipomaliza nikamrudishia. Akaligeuza ndani nje mbele ya watu wote, akapitisha kidole kwenye mshono, kutoka kwapani hadi kiunoni, upande huu, kisha upande wa pili.

"Kipo," akasema. Akainuka. "Twendeni tukamvalishe."