Mwalimu Aliyeolewa na Kijiji

Mmeona ndoa nyingi, lakini ya Nthofeela hamjaiona: aliolewa na kijiji kizima, bwana harusi hakuna.

Kijiji chenyewe, Ha Makhobalo, kiko juu hata mawingu hupita chini ya kwato za kondoo. Wakati wa baridi ukimwita jirani, jina lake linaganda njiani, analisikia theluji ikiyeyuka. Walimu walipanda kwa farasi Jumatatu, Ijumaa wakashuka mbio. Mmoja aliacha hata sufuria motoni. Serikali ikaleta posho ya milimani ili wakae. Posho waliila, milima wakatuachia wenyewe.

Ndipo Chifu Makhobalo akasema, "Serikali inawafunga kwa pesa, na pesa wanaondoka nayo. Huyu ajaye tutamfunga kwa desturi."

Basi Nthofeela alipofika, wanawake walimpokea kwa vigelegele, wakamfunga blanketi kiunoni, wakamchinjia kondoo, wakampa na jina jipya: MaThuto, mama wa elimu. Hivyo ndivyo anavyopokewa bibi harusi, na Nthofeela alilijua hilo tangu utotoni. Lakini nani angedhani kuna harusi bila mwanamume? Alidhani ni ukarimu tu. Njaa ya safari nayo! Alikula mpaka akalamba vidole.

Akafundisha madarasa yote peke yake, katika chumba kimoja, watoto wamepeana migongo. Kule bondeni alikuwa amemwacha binti yake, Seipone, kwa bibi yake. Likizo moja alishuka, mtoto akamkimbilia mlangoni akisema, "Shikamoo, shangazi." Shangazi! Nthofeela aliporudi mlimani alikwenda moja kwa moja kwa chifu kuaga.

"Kuaga?" Mama Mampoi, mke wa chifu, akaweka mikono kiunoni. "Mkamwana anaaga aende wapi? Kondoo ulimla, hukumla?"

"Nilimla, mama, lakini..."

"Basi mrudishe akiwa anatembea, uende zako."

"Hata ofisi ya elimu inanikatalia," Nthofeela akasema. "Eti hakuna uhamisho mpaka apatikane wa kushika nafasi yangu."

Chifu akafurahi kusikia serikali imepata akili. "Sawasawa. Mke akitoka, kwao huleta mdogo wake ashike nyumba. Lete mdogo wako, binti yangu, na farasi tutakutandikia sisi wenyewe."

Nthofeela akaanza kutafuta. Wa kwanza alifika mtoni chini ya mlima, alikongojewa na farasi, akamtazama farasi, farasi akamtazama yeye, wakaagana. Wa pili alifika kijijini, upepo ukambebea kofia, naye anaifukuza mpaka leo. Wa tatu alikuwa msichana aitwaye Keneuoe, mwenye cheti cha ualimu, aliyekuwa akiuza maandazi kituo cha mabasi.

Keneuoe akafungwa blanketi. Kondoo akachinjwa. Nthofeela alikaa akiutazama mkono wa msichana ukienda kwenye sinia. Kazi yake ilikuwa kunyamaza tu. Kunyamaza, na kesho yuko kwa mwanawe.

"Usile," akanong'ona. "Ukila umeolewa. Hushuki tena."

Keneuoe akacheka. "Dada, cheti changu kimelala sandukuni mpaka panya wamehitimu. Nikatae kufungwa hapa, nikawe huru wapi? Kituo cha mabasi?" Akauma paja la kondoo.

Nthofeela akakimbia kufunga mzigo. Asubuhi alikuwa mlangoni kwa chifu, mzigo kichwani.

"Mzee, farasi yuko wapi?"

"Farasi wa nini?"

"Si mlisema nikileta mdogo wangu..."

"Umemleta, na tunakushukuru sana. Lakini mtu akioa wa pili, humfukuza wa kwanza? Tangu shule hii ijengwe hatujapata walimu wawili! Kaeni, mgombane kama wake wenza wengine."

Wazee walicheka mpaka mablanketi yakawadondoka. Na ofisini asingepata kitu: shule ilikuwa na nafasi mbili tangu zamani, Keneuoe amejaza ile iliyokuwa wazi. Ya Nthofeela ilikuwa bado ya Nthofeela.

Akautua mzigo, akaukalia.

"Basi nina mtoto," akasema. "Ni mkwe gani anayemweka mkamwana, mwanawe anamwacha kwa watu?"

Kicheko kikakatika. "Mtoto?" Mama Mampoi akasema. "Mbona hukusema?"

"Mliniuliza nini zaidi ya kondoo?"

Hapo farasi akapatikana. Akatandikwa, akawekewa blanketi dogo juu ya tandiko, mtu wa chifu akapanda, akashika njia ya bondeni. Nthofeela alimtazama akishuka. Akamfikiria Seipone akiletwa juu, kwenye upepo huu, kwa mtu anayemwita shangazi. Akafungua kinywa amrudishe yule mpanda farasi; lakini alikwishaingia mawinguni, na kutoka darasani makelele yalikuwa yamezidi, Keneuoe anapiga meza na hakuna anayemsikiliza. Nthofeela akauacha mzigo palepale uani, akaingia kufundisha.