Nilimwandika Anasoma

Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, watoto wangu wa darasa la pili kule Kasekese walikuwa ndiyo kwanza wanaunganisha silabi. Tuliambiwa masomo yatatolewa redioni. Kijijini kwetu redio ilikoroma tu, na hata ingesikika, watoto walikuwa mashambani wakiamia ndege wasimalize mpunga. Miezi mitatu ikapita hivyo.

Tulipofungua, mwalimu mkuu alitaka orodha ya wanaojua kusoma, na aliitaka wiki ileile. Nilikuwa na watoto zaidi ya mia na vitabu vinane. Nikawaita mmoja mmoja mezani. Wengi waliukodolea macho ukurasa, kimya. Nilipandwa na hasira, na naona aibu kusema kwamba niliimalizia kwao.

Kisha akaja binti mmoja wa Kisukuma, mdogo wa umbo, sauti kubwa. Alisoma hadithi nzima bila kukwama. Nilifurahi mno. Ila niliona jambo: maneno ya ukurasa wa pili aliyatamka kabla hajaufunua. Nikamuuliza alijifunzia wapi. Akasema dada yake alikuwa akimsomea kitabu hichohicho kila siku, wakiwa wamekaa juu ya dungu wanafukuza ndege.

Alikuwa amekariri. Ningempa kitabu kingine, mambo yangekuwa wazi palepale. Sikumpa. Orodha yangu ilikuwa na majina ya kuhesabika, nami nilikuwa nimechoka. Nikaandika: anasoma.

Walioshindwa niliwabakisha kila mchana baada ya vipindi, tukaanza upya na a, e, i, o, u. Baadhi yao walifunguka. Yeye hakuwamo, kwa kuwa kwenye karatasi yangu alishajua. Nilimwona akiondoka na kidumu chake cha maji, anaruka-ruka, nikajiambia atashika tu mbele ya safari.

Hakushika. Darasa la nne alifeli, akarudia, akafeli tena. Nilikwenda kwao kumwomba baba yake aniachie nimfundishe mwenyewe. Mzee alinikaribisha kiti, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

“Mwalimu, mtoto amejaribu,” alisema. “Kichwa chake hakishiki. Acha atusaidie shamba.”

Jibu nilikuwa nalo. Nilishukuru kwa maji waliyonipa, nikaondoka.

Januari hii alikuja shuleni, msichana mkubwa sasa, amemshika mkono mdogo wake wa kuandikishwa darasa la kwanza. Alikunja goti, akaniamkia kwa heshima ambayo sikuistahili hata kidogo. Nilimuuliza habari za nyumbani, akasema nzuri. Halafu akamsogeza mtoto mbele ya meza yangu.

“Huyu atakuelewa, mwalimu,” alisema. “Ana akili. Si kama mimi.”

Nilimuuliza mtoto ana miaka mingapi.