Shangazi Aja Mpanda Mara ya Mwisho

Mzee Telesfori haiendei kwa nyuma injini inayonguruma. Iwe lori, iwe bajaji, iwe pikipiki ya kumfikisha dukani tu, atazunguka mpaka afike mbele, mahali dereva anapomwona vizuri, ainamishe mgongo kidogo, abane kofia kwa mkono wa kushoto, kisha asubiri dole gumba. Asipopewa dole hapandi. Waendesha bodaboda wa soko la Kashaulili wamekwisha kumzoea. Dereva mgeni akibaki ameduwaa, wenzake humpigia kelele: "Mpe dole mzee wa watu! Usipompa mtashinda hapo hadi Pasaka!"

Tabia hiyo aliiokota jeshini, kwenye miaka ishirini na miwili ya kuhudumia helikopta. Panga la mkia likizunguka halionekani, na rubani hana macho kisogoni, kwa hiyo mtu humwendea kwa mbele, ameinama, na hasogei mpaka aitwe. Telesfori alistaafu zamani. Alirudi kwao, akatundika mizinga ya nyuki porini Ugalla, akamzika mkewe Juliana, akajaliwa wajukuu sita. Kuinama hakukustaafu.

Sasa zamu ya kustaafu ilikuwa ya helikopta yenyewe. Askari wa zamani waliiita Shangazi, kwa sababu akija nyumba nzima inajua. Mwezi wa saba simu ilipigwa: Shangazi atapita Mpanda mara ya mwisho, kabla hajapelekwa kambini kuwekwa juu ya zege watu wamtazame. Wastaafu waliomhudumia wanaalikwa uwanja wa ndege. Watatu kati yao, wakipenda, watarushwa hadi Ugalla na kurudi.

"Tunakwenda kuangalia tu," Mzee Telesfori alimwambia binti yake Dorice. "Nani amesema habari za kupanda?"

Dorice alitazama viatu vya baba yake. Vilikuwa vimepigwa rangi hadi kwenye soli.

Yeye ni mtoto wa kwanza, mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya hapo mjini, na ndiye aliyebaki karibu na baba. Fomu ilikuwa ndani ya pochi yake. Kila aliyevuka miaka sabini alitakiwa apimwe presha na ndugu wa karibu atie sahihi. Baba ana sabini na nne. Nesi aliyempima alitazama mashine, akamtazama mzee, akasema, "Si mbaya, si nzuri. Nyie familia kubalianeni." Dorice alijaza jina, umri na namba ya simu. Mahali pa sahihi alipaacha peupe, na moyoni alikuwa amekwisha kuamua pabaki hivyo. Miaka miwili iliyopita alimsindikiza mama yake hospitali kwa kikohozi tu, akarudi nyumbani na kanga zake mkononi. Hakuwa tayari kusimama tena mahali akimtazama mzazi anaondoka.

"Mashine inastaafishwa kwa uzee, baba," alimwambia wakati wanafunga mlango. "Wewe nawe una presha. Wazee wawili mkaende wapi angani?"

"Hatutakuwa wawili. Na Manyanda atakuwepo."

"Ndiyo mnazidi!"

Mzee alicheka, lakini macho yake yalikwenda kwenye pochi.

Uwanjani walikuta viti vya plastiki chini ya turubai, na kwaya ya parokia imekwisha kuanza kupasha koo. Manyanda alikuwapo tayari, rubani mstaafu, Msukuma wa tumbo kubwa na sauti kubwa kuliko tumbo. Kando yake alikaa Evodi, Mfipa mwembamba aliyekuwa fundi wa safari, ambaye masikio yake aliyaacha jeshini, hivyo kila mtu humwambia mambo kwa kupaza sauti na yeye huyajibu kwa kupaza zaidi.

"Telesfori!" Manyanda alinguruma. "Hujafa tu?"

"Nilikusubiri wewe utangulie, afande. Cheo chako kikubwa."

"Na huyu ndiye Dorice? Yule aliyekuwa analia kila likizo yako ikiisha? Mama, umekuwa mtu mzima! Shikamoo nitakupa mimi sasa."

"Shikamoo baba," Dorice aliwahi, wakacheka.

Kabla marahaba haijatoka vizuri, Mzee Telesfori alinyanyua kidole. Hakuna mwingine aliyesikia kitu. Kwaya iliendelea, upepo ukapita kwenye turubai. Kisha kikaja kwa mbali, kifuani kwanza kabla ya masikioni, kishindo kile cha tu-tu-tu-tu, na hata Evodi alisimama.

"Ameniita," Evodi alisema. "Hilo panga la tatu lilikuwa na mlio wake. Bado analo!"

Shangazi alikuja chinichini kutoka upande wa reli, kijani chake kimepauka na tumbo lina viraka, akazunguka uwanja mara moja kama anayehakiki nani amehudhuria, akatua. Kwaya ilifunga midomo kwa vumbi. Wazee watatu walisimama wima mikono ubavuni hadi mapanga yaliponyamaza, na Dorice akaona kwamba Manyanda, na tumbo lake lote, machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu.

Rubani aliyeshuka alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Kapteni Angela. Aliwapigia saluti wazee wote watatu, kila mmoja peke yake.

"Mwanamke ndiye anamrusha Shangazi?" Manyanda aliuliza.

"Shangazi ni mwanamke mwenzangu, mzee. Tunaelewana."

"Ee! Ndiyo maana ametua kwa adabu. Kwangu alikuwa ananitupa."

Walimzunguka wakimgusa. Wakakaa kwenye kivuli chake, soda zikaletwa, na maneno yakaanza. Shangazi na masanduku ya kura. Shangazi na mama aliyejifungulia mlangoni kabla injini haijazimwa. Ndipo Evodi akapiga goti lake kwa kiganja.

"Mwambieni Kapteni habari za matope!"

"Hayo yaacheni," alisema Mzee Telesfori.

"Hatuachi!" Manyanda aligeuka kwa Kapteni Angela. "Tulikuwa tunapeleka chanjo Ugalla, kiangazi kama hiki. Kazi ya huyu bwana ilikuwa kutangulia na lori la mapipa, afyeke majani, amwage maji kwenye kiwanja ili vumbi lisinipofushe nikitua. Mara ya kwanza alimwaga ndoo tano. Nikatua kipofu, nusura nikalie zizi la mbuzi. Nikashuka nimekasirika. Nikamwambia, Telesfori, vumbi hili likinipata tena nakuweka ndani."

"Ulisema siku saba," Mzee Telesfori alikumbusha.

"Siku saba. Basi safari ya pili akaita kijiji kizima. Wanawake na ndoo, watoto na sufuria, tangu alfajiri wanachota mtoni wanamwaga, na nyimbo juu. Na kiwanja chenyewe ni mbuga! Udongo mweusi wa kunata!"

Kapteni Angela aliweka chupa chini. Mtu yeyote aliyekanyaga mbuga ya Ugalla yenye maji alijua kinachofuata.

"Kutoka juu nikaona kiwanja kinameremeta kama sinia. Nikasema, leo kijana amenifurahisha. Nikatua. Nikaendelea kutua. Kutua hakuishi! Magurudumu yameingia, tumbo limekaa chini, Shangazi ametulia kama kuku anayeatamia."

Kapteni Angela alicheka mpaka akashika bega la Evodi.

"Wakatutoa warina asali," Evodi alimalizia. "Walileta mizinga ya magome, ile mikuukuu, wakaipasua na kutandika chini ya magurudumu. Tukachimba kwa majembe, tukasukuma. Akanyanyuka. Tulirudi kambini tunanuka asali, na nyuki wawili wako humo ndani wanatuuliza maswali."

"Siku saba nilikaa?" Mzee Telesfori aliuliza.

"Hukukaa. Vumbi halikunipata. Ningekufungia kwa kosa gani?"

Dorice alicheka kama wengine. Kisa hiki alikuwa hajakisikia kamwe. Alichokisikia yeye utotoni ni kingine. Jioni baba akiwa likizo alimkalisha kwenye goti na kumsimulia Ugalla unavyoonekana kutoka juu: mto unajikunja na kurudi kama utumbo wa mbuzi uliomwagwa kwenye sinia, viboko ni punje za maharage, na miombo inapopukutisha majani nchi nzima ina rangi ya ngozi ya simba. Kwa maneno hayo Dorice alipenda jiografia. Kwa maneno hayo, miaka ishirini sasa, anachora mto ubaoni na kuwaambia wanafunzi, "Baba yangu ameuona hivi kwa macho yake."

"Kwa hiyo wewe, mzee," Kapteni Angela alimwuliza Telesfori, "siku ile ulirudi nao mkinuka asali?"

"Nani, huyu?" Manyanda alijibu badala yake. "Huyu alibaki kufukia mashimo. Telesfori hajawahi kupanda, Kapteni. Hata siku moja."

Dorice alimtazama baba yake. Mzee alikuwa anasoma maandishi ya kizibo cha soda.

"Miaka ishirini na miwili?" Kapteni Angela hakuamini.

"Uzito," alisema Evodi. "Kila kilo ilikuwa dawa au mafuta. Na mtu wa kiwanja hutangulia kwa lori, hutupokea, hutuaga, anakusanya mapipa, anaondoka kwenda kiwanja kingine. Sisi tukipaa, yeye anazima moto ambao moshi wake ulituonyesha upepo."

"Lakini alikuwa msumbufu!" Manyanda alisema. "Sijazima injini vizuri yuko dirishani na mpira wa mafuta mkononi. Afande, mto leo umekaaje? Viboko wangapi? Miti imeshabadilika? Mimi nina njaa, yeye anataka habari za miti! Nikawa sasa hata nikiruka naangalia chini kwa makusudi, maana najua nikitua nitaulizwa."

"Na mimi aliniuliza," alisema Evodi. "Utumbo wa mbuzi ni mimi nilimwambia. Nilikuwa nimekumbuka supu."

Walicheka tena. Dorice alisimama, akasogea hadi kwenye gurudumu la mbele. Baba yake alimfuata, akasimama kando, mikono nyuma.

"Umekasirika, mama?"

"Miaka ishirini nawaambia watoto wa watu umeuona."

"Ulikuwa unapenda sana. Ningekusimulia nini? Mapipa?" Alikohoa kidogo. "Nilikuwa nikirudi nyumbani baada ya miezi mitatu, unanikimbia kama mgeni. Nikianza habari za mto, unakuja mwenyewe kukaa."

Dorice alifumba macho. Alimwona kijana wa jeshi amesimama peke yake katika uwanda wa mbuga, vumbi linamrudia usoni, kichwa ameinua juu mpaka mlio unaisha, kisha anainama kukusanya mapipa. Mara ngapi? Mia? Mia tano? Na kila mara anaweka akiba maneno ya wenzake, asiyasahau, ampelekee mtoto. Yeye alikuwa anaogopa kusimama chini siku moja akitazama mtu anapaa. Baba yake alikuwa amefanya hivyo ujana wake wote.

Alifungua pochi. Akatoa fomu, akaitandaza juu ya gurudumu la Shangazi, akatafuta kalamu asiione. Mzee Telesfori alitoa kalamu kwenye mfuko wa shati, haraka mno kwa mtu aliyekuja kuangalia tu.

"Ulikuja nayo!"

"Mtu huwezi kujua."

Alitia sahihi. Manyanda, aliyekuwa akisikiliza kila neno huku anajifanya anamweleza Evodi jambo, alirusha kofia yake juu na kupiga kigelegele kama mwanamke, kwaya ikampokea.

Waliondoka saa tano kasoro. Evodi na Manyanda walipewa viti vya nyuma, na Kapteni Angela akasema kiti cha mbele kwenye kioo kikubwa ni cha Mzee Telesfori. Manyanda alianza kubisha kwa cheo chake. "Afande, wewe ulishaona," Kapteni alimwambia, naye akafunga mkanda huko nyuma. Shangazi alinyanyuka. Dorice alisimama chini, kanga ameibana kifuani, akatazama mpaka doa likayeyuka juu ya miti ya upande wa Ugalla. Saa nzima hakukaa. Mama mmoja wa kwaya alimletea kiti, akakishika mgongo tu.

Waliporudi, wa kwanza kushuka alikuwa Manyanda, anaongea. Wa pili Evodi, anaongea. Mzee Telesfori alishuka mwisho, akishikwa mkono na Kapteni Angela, na hakuongea. Nesi yule yule, aliyeletwa uwanjani kuwaangalia wazee, alimfunga kile kitambaa cha presha, akasoma, akasoma tena.

"Imeshuka!" alisema. "Mzee, ilikuwa huku, sasa iko hapa."

"Basi muwe mnamwandikia Shangazi mara mbili kwa siku," Manyanda alishauri.

Hata kwenye bajaji ya kurudi Kashaulili mzee alikaa kimya, ametazama nje kwenye maduka na mafungu ya nyanya bila kuyaona, anatabasamu peke yake. Mara moja alifungua mdomo, akachora kitu hewani kwa kidole, akaghairi. Dorice hakumwuliza. Alijua sura ile. Ni ya mtu aliyebeba chombo kilichojaa hadi ukingoni na hataki kitikisike njiani.

Nyumbani alimvutia kiti kibarazani, akamvua koti, akaenda kuwasha jiko. Alikuwa hajafika hata mlangoni pale baba yake alipomwita.

"Chai baadaye, Dorice. Niitie wajukuu wote waje hapa, na wale wa jirani pia waambie waje."