Jicho Lililoombewa

Kila asubuhi, kabla hajagusa uzi, Fundi Hebu alidondosha tone moja la mafuta kwenye tundu la juu la cherehani, kisha akakaa kimya mpaka lizame. Miguu juu ya kanyagio, mikono mapajani, kichwa kimelala upande kidogo kama mtu anayesikiliza ukutani. Majirani walishazoea. Ukimkuta hivyo humsalimii, unasubiri. Tone likishazama anavuta pumzi, anasema, "Haya, na leo pia," ndipo anakuitikia.

Maana ya "na leo pia" ni kwamba hajajibiwa. Ila hilo wengi hawakulijua.

Jina la Hebu alipewa na wateja kwa sababu ya kupima. Hebu simama wima. Hebu inua mkono. Hebu acha kubana tumbo, unamdanganya nani, nguo itakuumbua. Na mtu akishasimama vile, mikono juu, utepe umemzunguka kifua, hana pa kukimbilia. Hapo Hebu anamuuliza: "Hebu niambie, wewe ukiomba, unasikia chochote?"

Dereva mmoja wa lori alisema yeye husikia njaa. Muuguzi mmoja alisema tu, "Nipime kiuno, fundi," na macho yamemlengalenga.

Aliyekuwa akimjibu hasa ni maalim wa madrasa ya mtaa wa nyuma. Kanzu za maalim zilichanika pindo kila mara, maana alikuwa na kazi ya kukimbizana na watoto watoro. Akishaleta, anakaa kwenye benchi la mlangoni mpaka ishonwe.

"Maalim, usinipe ya kitabuni," Hebu alimwambia siku moja. "Ya kitabuni hata mdogo wangu anayo ya kwake. Nipe yako."

"Yangu?" Maalim akajikuna kidevu. "Fundi, mimi nusu ya sala nawaza bati linalovuja."

"Na nusu nyingine?"

"Najilaumu kwa nini nimewaza bati."

Walicheka mpaka cherehani ikasimama. Kisha maalim akaangalia viatu vyake. "Lakini kuna siku. Si nyingi, tatu, nne maishani. Nimeinama pale, ghafla nikawa sina haraka. Basi. Hakuna sauti, hakuna nuru. Sina haraka tu. Mtu akinidai ushahidi, sina."

Hebu akakata uzi kwa meno. "Hata hiyo ningeitaka. Hata mara moja."

"Itakuja."

"Unajua, au unanifariji?"

"Nakufariji."

"Ahsante kwa kusema kweli," Hebu akasema, akamkunjia kanzu yake.

Huyo mdogo wake alikuwa mchungaji. Wazazi walipofariki Hebu ndiye aliyemlea, alimbeba mgongoni hata miguu ya mtoto ilipoanza kuburuta chini na watu kumcheka. Sasa mtoto wa mgongoni ana kanisa, dogo, la watu kama sitini, na majoho ya kwaya Hebu aliyashona yote kwa mkono wake. Hakukosa Jumapili hata moja. Kwaya ikipanda sauti ya tatu, vinyweleo vilimsimama, na alijua kabisa kwamba huko wimbo unakokwenda ndiko naye anakotaka kufika. Ila wimbo unaisha, kila mtu anafuta machozi kama aliyetoka mahali, na yeye yuko palepale kwenye benchi.

Kisha jicho la kulia likaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, walisema. Akawa anatunga uzi kwa kubahatisha, na suruali ya mtu mmoja ikatoka mguu huu mrefu, ule mfupi. Wifi yake, mke wa mchungaji, akakusanya akina mama sita. Siku arobaini, kila jioni, walikuja chumbani kwa Hebu. Wifi alimpaka mafuta kwenye kope, akamwekea kiganja, wakaomba.

Kiganja kiliwekwa jicho la kushoto.

Siku ya kwanza Hebu aliona haya. Watu wamefumba macho, wengine wanalia kwa ajili yako, utaanzaje kusema, "Wifi, sogea huku kidogo"? Siku ya pili ikawa ngumu zaidi. Siku ya kumi haikuwezekana tena. Na kusema kweli, ndani yake kulikuwa na kitu kinachongoja. Kama Yupo, alijiambia, atajua ni lipi. Kila jioni wakiondoka alifunika jicho la kushoto akaitazama taa. Ukungu. Kesho yake tena, ukungu.

Arobaini zikaisha. Akaenda hospitali, daktari akampasua, na siku bandeji ilipofunguliwa kitu cha kwanza alichokiona ni kola ya muuguzi. "Hebu niambie, mwanangu," akasema, "hii kola nani kakushonea? Imepinda."

Kanisani ilikuwa shangwe. Mchungaji akatangaza kwamba Jumapili dada yake atatoa ushuhuda, na wageni kutoka makanisa mengine wamealikwa. Ijumaa akaja mwenyewe kwenye cherehani.

"Dada, maneno machache tu. Ulikuwa huoni. Tukaomba siku arobaini. Sasa unaona."

"Yote matatu ni kweli," Hebu akasema. "Ukiyapanga hivyo yanakuwa uongo."

"Uongo uko wapi?"

"Mkeo alikuwa anaombea la kushoto."

Mchungaji akabaki mdomo wazi. "Siku zote arobaini?"

"Zote. Na lile zima limezidi kung'aa, usifikiri."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Ulitaka nimkatize mkeo anapolia?"

Mchungaji alijitahidi kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza, na kwa kitambo kidogo akawa yule mtoto wa mgongoni. Kisha akajifuta uso, uchungaji ukamrudia. "Mungu anajua ni lipi, dada. Haelekezwi kwa kidole."

"Sasa kama anajua, kidole kilikuwa cha nini?"

"Daktari naye ni mkono wake."

"Inawezekana. Sikatai. Ikiwa ndivyo, nitafurahi kuliko wewe. Lakini mimi sijui, na ushuhuda ni wa mtu anayejua."

Mchungaji akashusha sauti. "Dada. Unaamini, au huamini?"

Miaka yote Hebu ndiye muulizaji. Hakuna aliyewahi kumgeuzia. Mkono wake ukapapasa gurudumu la cherehani bila kulizungusha.

"Nimepiga hodi mpaka vidole vimechubuka," akasema. "Sisemi hakuna mtu ndani. Taa naiona chini ya mlango. Nyinyi nawasikia mnaimba kama watu walioshakaribishwa. Mimi sijaitikiwa. Sasa wewe unataka nisimame niseme nimeingia. Nikishasema hivyo, mdogo wangu, sitaweza kupiga hodi tena. Nitakaa barazani maisha yangu yote nikijifanya niko sebuleni. Usinifanyie hivyo."

"Na wageni niwaambie nini? Kwamba dada wa mchungaji haamini?"

"Kwamba dada wa mchungaji anatafuta."

"Watu hawajui tofauti yake."

"Wewe unaijua?"

Mchungaji alichukua Biblia yake mezani, ilikuwa imekaa juu ya vipande vya kitambaa, akakung'uta nyuzi akaenda.

Hebu alidhani yamekwisha. Jumapili akakaa benchi lake la siku zote. Kwaya ilipomaliza wimbo wa pili, mchungaji akashika kipaza sauti akamwita mbele, na watu wote wakageuka.

Akaenda. Alisimama pale na mikono yake ya ushonaji, hajui aiweke wapi.

"Nawashukuru kwa siku arobaini," akasema. "Maishani mwangu hakuna mtu aliyewahi kunishika uso kwa upole namna ile, nami sitasahau. Jicho alilitibu daktari. Kama kulikuwa na mkono mwingine juu ya mkono wake, mimi sikuuona. Natamani kuuona kuliko yeyote humu ndani. Kama mnanipenda, niombeeni hilo."

Mgeni wa mbele akakohoa.

"Wifi," mke wa mchungaji akanong'ona, nong'ono la kusikika mpaka nyuma, "sema tu ahsante Yesu ukae."

"Sema, dada!" mama mmoja akadakia. "Sema!"

Hebu akamtazama mdogo wake. Alimngoja aseme kitu, kama alivyongoja mambo mengine mengi. Neno moja lingetosha, hata angesema tu, basi, mwacheni.

Mchungaji akatabasamu kwa wageni, akainua kipaza sauti. "Dada yangu amezidiwa na furaha! Anachotaka kusema ni kwamba alikuwa haoni, na sasa anaona!"

Vigelegele vikalipuka. Makofi, ngoma, na kwaya ikaudaka ule wimbo anaoupenda kuliko zote, majoho yakayumba kushoto na kulia, mishono yote iko sawa. Hakuna aliyemsukuma, hakuna aliyemsema vibaya. Mama mmoja alimkumbatia huku akilia. Hebu alimpapasa mgongo, akajitoa taratibu, akapita kando ya ukuta mpaka nyuma.

Pale mlangoni mzee wa kukaribisha wageni akamshika kiwiko. "Fundi, unakwenda wapi? Ndiyo kwanza panachangamka."

"Nakuja," akasema, kama watu wanavyosema wakitoka.

Mzee akamfungulia mlango. Hebu akashuka ngazi tatu, akavuka barabara bila kugeuka, wimbo ukimfuata hadi kwenye kona. Hakurudi Jumapili ile, wala nyingine yoyote.